Pa kushika pako wapi?

Nakaa Kata ya Reli, Mtwara mjini, na reli yenyewe haipo. Mgeni akiuliza iko wapi tunamwambia limebaki jina, vyuma viling'olewa kabla mama yangu hajazaliwa.

Kwa ambao hawajui, huku kusini tulikuwa na reli yetu. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula, wakaja Tanganyika na mpango wa karanga mwaka 1947, mashamba yakafunguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, sasa kutoka Nachingwea mpaka baharini hapakuwa na njia ya kupitisha mzigo mkubwa namna hiyo, basi ikajengwa reli. Mwanzo ilianzia Mkwaya, kule ndani kwenye hori ya Lindi, maana bandari ya Mtwara ilikuwa bado inajengwa, baadaye ndo ikaletwa mpaka huku, na gati la kina kirefu likafunguliwa 1954. Ila mpango wa karanga ulishafutwa tangu 1951. Treni ikawa inabeba ilichokipata, na mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa. Ndo hiyo stori, fupi hivyo, na mi nimekua nayo kichwani tangu shule ya msingi.

Sasa kichwa changu cha treni, cha midoli, ambacho nimekigeuza kifanane na vya reli hiyo. Nilikipata Dar pale Karume, kwenye fungu la midoli ya mtumba, kichwa cha treni ya mvuke, kidogo, magurudumu sita, matangi ya maji ubavuni, elfu kumi na tano. Ni skeli ya HO, yaani kitu halisi umekigawa mara 87. Mota ilikuwa imekwama kwa grisi iliyoganda, nikaifungua nikaisafisha kwa spiriti ile ninayosafishia bodi za simu (mi ni fundi simu), nikaunga volti 12, kikatembea. Kwa miezi mingi kilikaa mezani kazini kwangu hivyo hivyo kama kilivyotoka kwenye fungu, nacheza nacho nikiwa nasubiri simu ipoe.

Siku moja akaja mzee wa mtaani kwetu na simu yake ya kitochi, sehemu ya chaji imejaa vumbi. Nikamwamkia, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, akakaa. Nikiwa nasafisha akakiona kichwa. Akakichukua, akakigeuza, akakisogeza karibu na jicho, akapitisha ukucha ubavuni mwa boila, lile pipa la kuchemshia maji, akaniuliza:

"Pa kushika pako wapi?"

Nikamwonyesha ule mstari ulioinuka kwenye plastiki, nikamwambia babu si hapo pamechorwa.

"Hapo kidole hakipiti. Treni inaondoka, unakimbia nayo, mkono huu una debe la maji. Unashika nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa sijui kwamba yule mzee, ambaye namsalimia kila siku, ujanani aliwahi kumsaidia fayamani, yule mchochea moto, kwenye treni ya Nachingwea. Siku hiyo alikaa mpaka saa kumi na moja. Na kitu kilichonishangaza ni kwamba hakukumbuka kabisa mambo ambayo mtu anayeangalia picha anayatazama, bomba la moshi lilikuwa na umbo gani, magurudumu mangapi, namba gani. Alikumbuka chuma cha kushikia. Alikumbuka kwamba saa saba mchana chuma kile hakishikiki kwa jua, kwaiyo kila mtu alikuwa na tambara lake. Alikumbuka ngazi ya kupandia, kidaraja cha kwanza kilikuwa juu mno kwa mtu mfupi. Yaani injini yote iko kwenye kumbukumbu yake kwa zile sehemu mkono wake ulishika na mguu wake ulikanyaga, basi. Kuanzia hapo nikajua naanza na nini.

Kwanza kunyoa. Unachukua bleidi mpya, unailaza karibu kabisa na boila, unasukuma taratibu, ule mstari wa plastiki unatoka nyuzi nyuzi kama maganda ya muhogo. Ukiwa na haraka bleidi inazama na umeshaharibu. Alafu msasa wa maji namba 800 mpaka huoni tena palikuwa na kitu.

Alafu waya, na hapa ndo nilipotumia muda mwingi na sijutii hata dakika moja. Mara ya kwanza nilichukua waya wa kebo ya intaneti, ule wa shaba wa ndani una nusu milimita, upo mwingi, unanyooka vizuri. Nikazidisha kwa 87, milimita 43. Nikamuuliza babu kile chuma kilikuwa na unene gani, akanyanyuka akaenda kushika bomba la grili ya mlango wangu, akafunga vidole, akasema kama hiki. Nikapima: inchi moja na robo, milimita 32. Gawa kwa 87, inakuja 0.37. Kwaiyo ule wa intaneti ni mnene mno, ukiuweka utaona kama bomba la maji limefungwa ubavuni, jicho linakataa hata kama hujui kwa nini. Nikaenda kwa jamaa yangu anayesuka mota za feni, akanipa vipande vya waya wa 0.35 bure kabisa, anavitupa. Ule waya una ngozi ya vanishi, iparue kwa msasa kabla ya kusolda au kupaka rangi.

Waya wa mota unakuja umepinda pinda. Usiunyooshe kwa vidole, hautanyooka. Ncha moja funga kwenye vaisi, nyingine shika kwa plaizi, vuta polepole bila kustusha mpaka uusikie mkononi umeachia kidogo, kitu kidogo sana, hapo acha. Ukiukata umenyooka kama mshale na umekuwa mgumu kuliko mwanzo, shaba ikivutwa inakaza. Ukiendelea kuvuta unakatika.

Vishikizo vyake nimetengeneza kwa nyuzi za ndani ya waya wa chaja iliyokufa. Unazungusha uzi mmoja kwenye sindano mara moja, unasokota mikia miwili pamoja, unapata kijicho na mkia. Mkia unaingia kwenye tundu la 0.4 nililotoboa kwa biti ya kutobolea bodi, nimeizungusha kwa vidole, sio kwa mashine, mashine inayeyusha plastiki. Vijicho vitano kila upande, waya unapita ndani.

Swali likawa, kile chuma kikae mbali gani na boila? Hapa nikakumbuka neno la babu, kidole hakipiti. Zile kadi kubwa zinazokuja na laini ya simu, unabandua laini inabaki kadi, unene wake ni milimita 0.76. Zidisha kwa 87, sentimita sita na nusu. Mkono wa mtu unapita hapo bila kugonga boila. Basi nikakata vipande vya kadi nikavichomeka katikati ya waya na boila kote, nikasukuma kila kijicho mpaka waya ukalala kwenye kadi, nikatia gundi, nikasubiri, nikachomoa kadi. Siwezi kuelezea nilivyojisikia nilipoinama nikaona mwanga unapita katikati ya chuma na boila. Kabla yake ilikuwa midoli.

Ngazi nimetumia pini za stepla. Ni chuma, ngumu, zimeshapindwa tayari kiwandani, unakata miguu kwa urefu unaotaka, kidaraja chenyewe kipande cha kadi ya laini. Cha kwanza nimekiweka juu, kama alivyosema.

Zile bafa mbili za mbele, za kuzuia mgongano na behewa, nimezikata. Vichwa vya Ulaya vinakuwa nazo kama ngumi mbili, babu alizitazama akauliza hizi za kazi gani, huku kwetu behewa lilikuwa linashikwa na kitu kimoja cha katikati. Nikakata, nikaziba matundu, nikachonga kiungio cha katikati kwa plastiki. Ubavuni mwake nikaning'iniza kipande cha waya wa gitaa, ule mnene uliosukwa, unafanana kabisa na hosi ya breki na unapinda kama hosi.

Nieleze na kilichoniharibikia maana kitamharibikia mwingine. Madirisha ya kibanda cha dreva nilikata kwenye plastiki angavu ya kifungashio cha earphone, nikayabandika kwa super glue, nikayaona mazuri, nikakifunika kichwa kwenye boksi lake kwa ajili ya vumbi nikaenda kulala. Asubuhi nafungua, vioo vyote vyeupe kama umepuliza pumzi, na kwenye kioo cha kushoto kidole gumba changu kimechoreka chote, mistari yote, unaweza kuihesabu. Super glue inapokauka inatoa mvuke, ule mvuke unaganda juu ya plastiki na unapenda zaidi palipo na jasho na mafuta ya kidole, polisi wanautumia huo huo kutafuta alama za vidole. Boksi limefungwa mvuke hauna pa kwenda, na unyevu wa pwani unasaidia kuuganda. Nikatoa vioo vyote nikakata vingine, safari hii nikatumia ile gundi ya UV ninayofunikia jampa (viwaya vya kuunganishia) kwenye bodi za simu, ile isiyo na rangi. Tone dogo kwa ncha ya sindano, taa ya UV sekunde thelathini, imeshika, haitoi moshi wowote. Mafundi simu wenzangu mnaosoma hapa, hivyo vitu vyote mnavyo mezani tayari.

Kingine, uzito. Kichwa kilikuwa chepesi, magurudumu yanazunguka hapo hapo kikivuta behewa mbili. Nikanunua chubwi, vile vizito vya nyavu, kwa wavuvi kule feri, ni risasi, nikaziponda nikazijaza ndani ya boila. Zishikishe kwa epoksi, usitumie ile gundi nyeupe ya maseremala, risasi ikikaa nayo inaoza inavimba na baada ya miezi boila inapasuka yenyewe. Na unawe mikono kabla hujala, risasi ni sumu.

Taa ya mbele ni LED ya milimita 3, ukizidisha ni sentimita 26, kwa taa kubwa ya mbele ya treni inakubalika. Rezista ya kilo ohm moja, na dayodi moja mbele yake (inapitisha umeme upande mmoja tu), maana treni ya volti 12 ya kawaida ukitaka irudi nyuma unageuza chanya na hasi, na LED haipendi kugeuziwa umeme mkubwa. Faida yake ni kwamba taa inawaka kikienda mbele tu, kikirudi nyuma inazima yenyewe bila swichi.

Mtu atauliza kuhusu upana wa reli, nijibu kabisa. Reli ya kusini ilikuwa ya mita moja, kama reli ya kati ya zamani. Mita moja ukigawa kwa 87 ni milimita kumi na moja na nusu, ndo maana wanaotengeneza treni za namna hiyo wanatumia reli ya milimita 12. Kichwa changu kinatembea kwenye 16.5, na 16.5 ukiizidisha unapata 1435, upana wa SGR. Kwaiyo chini kina miguu ya SGR na juu nakivalisha nguo za Nachingwea. Inaniuma kidogo nikikitazama kwa mbele, ila kubadilisha chasisi ni kazi nzima nyingine, na hiki sio kopi ya injini fulani iliyopita hapa. Nimekifanya kiwe kichwa ambacho babu angeweza kukipanda.

Rangi ni nyeusi isiyong'aa, nimepaka nyembamba mara tatu. Alafu vumbi. Shemeji yangu yupo Nachingwea, nikamwomba udongo, akaniletea kwenye mfuko wa rambo, mwekundu ule wenyewe. Ukiupaka hivyo hivyo unaharibu, maana punje ya nusu milimita kwa skeli hii ni jiwe la sentimita nne. Nilichekecha kwa soksi ya nailoni iliyokunjwa mara mbili, kinachodondoka ni unga kama poda ya mtoto, ndo nikautumia kwa brashi ya kupakia wanja, chini kwenye magurudumu mwingi, kwenye ngazi pembeni, juu ya tangi kidogo, alafu vanishi isiyong'aa ya kupuliza kwa mbali.

Ila chuma cha kushikia sikukipaka vumbi. Nilifikiria hilo siku mbili nzima. Mahali mikono inaposhika kila siku hapakai vumbi, hata rangi haikai, panasuguliwa mpaka chuma chenyewe kinatokea. Angalia mlango wa daladala, angalia mkono wa bomba la maji mtaani. Basi ule waya nimeupaka nyeusi, alafu pale karibu na kibanda, urefu wa mikono miwili hivi, nimesugua na penseli ya 2B mpaka ukatoa mng'ao wa kijivu. Na katikati ya kila kidaraja cha ngazi hivyo hivyo. Vipande viwili vidogo, na kwangu ndo kazi niliyoipenda kuliko zote. Rafiki zangu waliokuja wanasifia taa.

Mwisho debe na tambara. Debe la kweli lina sentimita 23 hivi kila upande na kimo 35, kwenye skeli linakuja milimita 2.6 kwa 4. Nimechonga kijiti cha plastiki, nikakivalisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara niliyoiokota, nikaweka mpini wa uzi wa shaba, nikalining'iniza nyuma ya kibanda. Tambara ni kipande cha tishu kidogo kuliko punje ya mchele, nimekilowesha kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji, nikakitundika kwenye chuma cha kushikia kwa kibano, kikajikunja chenyewe kikiwa kibichi. Kikikauka unakipaka rangi ya kitambaa kilichochoka, sio nyeupe.

Jumamosi nikampelekea babu nyumbani. Alikuwa kibarazani amekaa kwenye mkeka, anabangua korosho za kula mwenyewe. Akafuta mikono kwenye shuka, akakipokea kwa mikono miwili. Hakusema kitu kwa muda, akatafuta miwani, mjukuu wake akamletea. Akachukua kijiti cha ufagio akakipitisha katikati ya chuma na boila, kikapita, akaguna. Akahesabu vidaraja. Akagusa debe kwa ncha ya kijiti likacheza, akacheka akamwita mke wake aje aone debe.

Alafu akafika kwenye tambara. Akakitazama kichwa kwa mbele, akakigeuza, akakitazama tena.

"Hili la nani?"

Nikamwambia la fayamani, si ndo uliniambia.

"Fayamani hakai huku. Huku dreva. Na dreva hakuacha tambara lake nje, akishuka anashuka nalo mfukoni."

Kwaiyo jana usiku nimelibandua kwa ncha ya bleidi, limetoka zima, na rangi ya chini haijaharibika sana. Leo nalihamishia upande wa pili, karibu na ngazi, kwenye kijicho cha nne. Kama kuna mtu hapa ana picha ya zamani ya familia yenye treni ya kusini, Lindi, Nachingwea, Masasi, popote, hata kama treni imeonekana kipande tu nyuma ya watu, naomba uipige na simu unitumie, hasa ikionyesha kibanda upande wa fayamani.